Paipu tupu ukutani: uzoefu wangu wa wayaringi ya nyumba mpya, Naliendele

Nyumba hii ya Naliendele, Mtwara, ina miaka minne tangu iwashwe umeme, na nimesubiri hadi leo kuandika kwa makusudi. Siku ya kwanza taa huwaka kwa kila fundi. Wayaringi inajulikana siku unapotaka kuongeza kitu.

Aliyenifundisha ni nyumba ya baba, Chikongola. Mafundi wa wakati ule walilaza waya moja kwa moja ukutani wakapiga plasta juu yake. Nyekundu na nyeusi tu, ethi (waya wa usalama unaoshuka ardhini) hakuna. Plastiki ya waya ilipokauka na kupasuka, soketi ya jikoni ikaanza kupiga shoti. Kuuvuta haiwezekani, saruji imeushika. Tulipasua kuta za vyumba vitatu, wiki mbili vumbi tupu, na mama ana pumu, ikabidi akalale kwa dada Mikindani. Sitaki wanangu wayaone hayo.

Basi ujenzi wangu ulipofika kwenye lenta nilimtafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, nikampa sharti: kila waya upite ndani ya paipu, na paipu isijae hata nusu. Akashangaa. "Mwalimu, hapa ya milimita 20 inatosha kabisa, hii 25 ya nini?" Nikamwambia ni ya kesho. Nikaomba na paipu nne tupu kutoka kwenye kisanduku cha breka: moja ya chumba kikubwa, moja ya jikoni, moja ya juu darini kwa ajili ya sola, moja ya kisimani. Ndani ya kila paipu tukaacha kamba ya manila, ncha zake zimefungwa ndani ya boksi. Gharama ilipanda, lakini kidogo, kwa sababu kinachomaliza pesa ni waya, na huo sikuwa nimeununua bado.

Desemba iliyopita, joto likiwa halivumiliki na korosho zimeshalipwa, nikanunua kiyoyozi. Fundi alifunga waya wa milimita 4 kwenye ile manila, mmoja akavuta, mwenzake akasukuma. Haikufika nusu saa. Breka yake peke yake, na ukuta haukuguswa hata kwa msumari. Nilifurahi kupita kiasi, nikampigia dada kumsimulia.

Ya kisimani ndiyo ilinisumbua. Wakati wa plasta mdomo wa paipu uliachwa wazi, saruji ikaingia, kamba ikakatika tulipoivuta. Tulichimba kama futi mbili. Fundi alikiri kosa na hakunitoza ufundi. Zibeni midomo yote kwa nailoni kabla ya mpiga plasta hajafika, na mhakikishe wenyewe. Tena alitumia kona kali mahali pawili ambapo angeweza kukunja paipu taratibu kwa springi. Hapo waya unakwama. Nami nilinunua kisanduku cha njia 8, yaani nafasi za breka nane, kimeshajaa. Chukueni cha 12.

Kabla ya plasta nilipiga picha kila ukuta, futi kamba ikiwa imeshikiliwa pembeni ili vipimo vionekane. Nimezichapisha, ziko pamoja na hati ya kiwanja. Juzi kijana wangu alitaka kutundika kabati jikoni, akazitazama kwanza, akatoboa sentimita 30 kushoto ya paipu. Hiyo ya jikoni bado tupu, na manila yake imo, inasubiri jiko la umeme.