Darasa la Kituruki la Michenzani, kwa wanaokwenda Istanbul kuchukua mzigo

Wenzangu wa soko la Darajani, hapa Unguja, hawaishi kuniuliza kama darasa la Kituruki la Michenzani lina maana, au ni kutupa shilingi 50,000 za mwezi. Lina maana. Ila ile sababu inayopigiwa debe siyo. Wanaolisifia wanasema ukiamkia kwa Kituruki unapunguziwa bei. Mie nauza magauni ya watoto na mitandio, mzigo wangu wa Istanbul naufuata mwenyewe, na sijapata kupunguziwa hata senti kwa sababu ya kuamkia vizuri. Muuzaji wa Laleli, mtaa wa maduka ya jumla wa Istanbul, anaamkiwa na dunia nzima tangu asubuhi, salamu yako haimbabaishi.

Tuanze na darasa lenyewe. Liko kwenye majumba ya Michenzani, ghorofa ya tatu, kwa hiyo mwenye magoti mabovu ajipange. Chumba kimoja, mkeka, ubao mweupe, na feni iliyoelekezwa upande wa wanaume kana kwamba sie wa upande wa pili hatusikii joto. Siku tatu kwa wiki, baada ya Magharibi. Mwalimu ni kijana wetu wa hapahapa, sote tunamwita Ustadhi. Alisomea Konya kwa ufadhili wa serikali ya Uturuki, na Kituruki chake hakina mashaka: nimemsikia akizungumza kwa simu na jamaa zake wa huko akiwavunja mbavu, na kuchekesha watu kwa lugha ya ugenini si kazi ndogo.

Wanafunzi ni mchanganyiko. Yuko mhudumu wa hoteli anayetoka Nungwi, roho juu asikose gari ya mwisho ya kurudi. Wako vijana wanaongojea majibu ya ufadhili. Waliobaki ni sie wanawake wa biashara, ndio wengi na ndio wenye maneno. Siku ya kufungua darasa Ustadhi aliingia na "Merhaba!" ya kifua mbele. Bi mkubwa mmoja aliyekaa karibu na mlango akamtazama juu mpaka chini: "Nani kakupa shikamoo wewe?" Tulicheka mpaka machozi. Maskini akaomba radhi kwanza, ndipo akaeleza kwamba kwa wenzetu hiyo ndiyo salamu yenyewe, haingoji shikamoo.

Anachokifundisha vizuri kuliko chote ni kusoma. Waturuki waliacha herufi za Kiarabu mwaka 1928 wakachukua za Kilatini, na wakazipanga vizuri, herufi na sauti yake. Kwetu sie tuliozoea kusoma neno kama lilivyoandikwa, kazi inakuwa nyepesi: c yao ni j yetu, ç ni ch, ş ni sh, na ile ğ yenye kikofia haitamkwi, inarefusha tu irabu iliyoitangulia. Haupiti muda unasoma kibao chochote. Mwenye kudhani hili ni dogo hajasimama Laleli mbele ya milango iliyoandikwa toptan, yaani jumla tu. Unaingia kuulizia gauni moja la mwanao, unaambiwa "perakende yok," hakuna rejareja, na muuzaji anarudi kwenye simu yake. Nimewaona watu wakitoka wamenuna wakidhani wamedharauliwa, kumbe kibao kilishawaambia kabla hawajagusa mlango.

Adabu pia anaijua, na hapo namsifu. Anasisitiza usimwite mtu kwa "wewe" mkavu. Mwanamke aliyekuzidi kidogo ni abla, mwanamme ni abi, mama mtu mzima ni teyze. (Mie nilianza kuitwa abla, siku hizi vijana wa dukani wananiita teyze bila ya hata kufikiri, nimeshakubali.) Ukimkuta mtu kazini unamwambia "Kolay gelsin," kazi yako iwe nyepesi. Ukitoka dukani, umenunua hukununua, "Hayırlı işler," unamtakia heri katika shughuli zake. Sie tumekulia katika nyumba ambazo huwezi kumpita mtu anafagia bila ya kumwambia neno, kwa hiyo haya hayatupi tabu. Malipo yake ni kiti na chai ya gilasi ndogo. Na kiti, kwa mtu anayezunguka na mifuko tangu saa tatu asubuhi, wallahi nakithamini kuliko dola mbili.

Sasa lawama. Maneno ya miezi ya mwanzo ni ya mwanafunzi wa chuo. Maktaba iko wapi, mie ni mwanafunzi, baba yangu ni mhandisi. Mie maktaba ya Konya naitakia nini? Tulilalamika, na nampa haki yake: wiki iliyofuata alikuja na karatasi ya maneno ya soko, aliwapigia watu simu kuulizia. Beden, saizi. Renk, rangi. Kumaş, kitambaa. Pamuk, pamba. Fatura, risiti ya mzigo. Na seri, ambayo mgeni wa biashara ya huko lazima aijue: gauni la jumla huuzwa kwa fungu la saizi zote pamoja, hufunguliwi ukachukua kubwa tu ukaacha ndogo. Ukiulizia kufunguliwa utajibiwa "Seri bozmuyoruz," hatuvunji seri, na kubembeleza hakusaidii.

Lakini hesabu anaipitia mbio mbio, na hilo ndilo kosa kubwa la darasa. Anafundisha moja mpaka mia kwa kuimba, watoto wa chuo cha Kurani wangefurahi, halafu basi. Buçuk, nusu, halimo kabisa kwenye karatasi zake. Ukiambiwa "on iki buçuk," kumi na mbili na nusu, ukasikia "on iki" tu, kwa nguo sitini umeshaachana na dola 30.

Ustadhi atakwambia kuna kikokotoo, muuzaji anakuandikia bei unaiona. Kweli. Lakini kikokotoo ni baina yako na yeye. Bei ya kweli wanaizungumza wao kwa wao, tena mbele yako, kwa sauti, kwa kuwa wana hakika husikii. Kuna duka la Merter (mtaa mwengine wa nguo wa Istanbul, tramu ya T1, kituo kimeandikwa Merter Tekstil Merkezi, huwezi kupotea) kijana aliniandikia 15 kwa gauni moja. Nikanyamaza, napapasa pindo. Akamgeukia mwenye duka: "Kaça verelim abi?" Tumpe kwa ngapi? Mzee hakunyanyua hata macho kwenye gazeti: "On üç de, on ikiye ver." Sema kumi na tatu, mpe kwa kumi na mbili. Kijana akafuta, akaandika 13, akanionyesha kwa tabasamu la mtu aliyekufanyia hisani. Nikamwambia taratibu, "On iki." Mzee alikunja gazeti akacheka mpaka akakohoa. Nililipa kumi na mbili, akapokea na "Bereket versin," Mungu alete baraka, na chai ya pili ikaja.

Kwa hiyo ningekuwa mie ndiye Ustadhi, nusu ya masomo yangekuwa ya kusikia. Wawekwe watu wawili nyuma ya pazia wapatane bei kwa kasi ya sokoni, na sie tuandike tulichokipata. Kusema tutajisemea tu, hata kwa makosa. Tena ukiamkia vizuri sana unajitafutia balaa: mwenyeji anadhani unaijua lugha, anakumwagia maneno ya dakika tano bila ya kuvuta pumzi. Dawa yake ni mbili, "Yavaş yavaş," polepole, na "Anlamadım," sikuelewa, na Ustadhi hakutufundisha mpaka mwezi wa pili. Ziombe siku ya kwanza.

Kuna wanaosema simu ya kutafsiri inatosha. Simu mie naitumia, sikatai. Kwa karatasi za mtu wa kago ni nzuri, unapiga picha unasoma masharti, ili mradi umeipakua lugha kabla hujatoka nyumbani. Dukani haifai. Mpaka uandike, usubiri, umgeuzie kioo, keshaingia mteja mwengine.

Na mwenye Kiarabu kilichonyooka, simdanganyi: Laleli utaishi bila ya neno la Kituruki. Wasemaji wa Kiarabu wamejaa madukani mle, na Kirusi, na Kiingereza cha biashara. Wenye ndugu Muscat waliokua na Kiarabu cha nyumbani wanapita kama maji. Kile chetu cha chuo cha Kurani cha kusoma bila ya kufahamu hakitoshi, nimekijaribu.

Nani aende, basi? Anayesafiri mara moja kwa matembezi asijisumbue na ghorofa tatu, maneno kumi atayapata bure. Mfanyabiashara anayerudi kwa watu walewale kila msimu aende, akae miezi mitatu, na amshikilie Ustadhi kwenye hesabu mpaka achoke. Ramadhani hakuna darasa. Ada hulipwa mwanzo wa mwezi na hairudi. Kaa karibu na dirisha, na uchukue kalamu yako mwenyewe; za pale hazina wino tangu nilipoanza.