Upasuaji wa matundu wa ngiri ya kiwambo: mikono mizuri, mdomo sifuri

Niwape haki yao kwanza: kazi ya ndani, kurudisha tumbo lililopanda kifuani kupitia mwanya wa kiwambo (msuli unaotenga kifua na tumbo), ni safi. Matundu matano, kubwa halizidi milimita 12, na kile kiungulia cha kukuamsha usiku asidi ikiwa kooni kilikoma siku ileile. Nyota tano. Halafu ikaja karatasi ya kuruhusiwa: "Kula vyakula laini." Maneno matatu!

Laini ni nini? Mkate ni laini, na ndio msumbufu kuliko vyote: ukilowa mate unakuwa donge, unanasa juu ya mkunjo. Maana wakishavuta tumbo lirudi chini na kushona mwanya wa kiwambo, huzungushia sehemu ya juu ya tumbo kwenye ncha ya chini ya umio, ile njia ya chakula, kama kola; ndio mkunjo wenyewe, na kola hiyo hukaa imevimba wiki kadhaa. Kwa hiyo unaanza na majimaji, kisha vilivyosagwa hadi wiki ya nne au ya sita, kidogo kidogo, mara tano sita kwa siku. Soda marufuku, kwani mbweu haitoki na gesi yote inabaki kukutunisha. Vidonge uliza kwanza, vingine havisagwi. Na dawa ya kichefuchefu iwe karibu: kutapika kwa nguvu siku za mwanzo kunaweza kukata nyuzi, tumbo likapanda tena kifuani. Hilo nalo walilinyamazia! Hata kwamba bega lingeuma siku mbili tatu kwa ile gesi ya kaboni waliyojazia tumbo, nilielezwa na muuguzi wa zamu ya usiku, kwa huruma yake tu.

Niliporudi na tonge limenasa, daktari wa kliniki hakuinua hata macho kwenye simu. "Tafuna vizuri." Nikauliza mkunjo ni kamili, ule wa Nissen wa digrii 360, au wa Toupet wa 270, na mbona nguvu ya umio kusukuma chakula haikupimwa kabla? Umio dhaifu ukivalishwa kola kamili, chakula kitapitaje?

"Kwani wewe ni daktari?"

Nyota moja, basi. Moja!

Ingawa... ile mito mitatu niliyokuwa naipandanisha ili nilale imerudi kabatini, na mkate sasa unapita ukiwa umekaushwa. Haya, tatu: mbili za mpasuaji, moja ya muuguzi wa usiku. Wa simu hapati kitu.