Gesti ya Nzuguni: usiku 25 za vumbi, baridi na dumu la maji

Nimelala usiku 25 kwenye gesti moja ya Nzuguni, Dodoma, kuanzia Mei 20 hadi Juni 14. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyepata barua ya uhamisho au mkataba kama nilioupata mimi, na hajui ataanzia wapi. Jina la gesti silitaji. Wenzangu wanne wa ofisini walifikia kwingine, na tulipokaa kusimuliana tukakuta hadithi yetu ni ile ile.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimezaliwa na kukulia Ngamiani. Dodoma nilikuwa naijua kwa picha tu: majengo ya Mji wa Serikali Mtumba na barabara zake pana, Ikulu ya Chamwino, mibuyu, mashamba ya zabibu, treni ya umeme. Mdogo wangu alipokuwa ananifungia mizigo alisema, "Dada, makao makuu hayo, unaenda kula maisha," akaniagiza zabibu. Nami niliamini hivyo hivyo.

Treni haikuniangusha. Daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam nililipa 31,000, na saa nne hazikutimia nikawa nimeshuka, mgongo hauumi, nguo hazina jasho. Bajaji ikanichukua na masanduku yangu mawili hadi Nzuguni. Ilipoacha lami tu, gurudumu la mbele likaanza kuzama kwenye mchanga, dereva akaniomba nishuke tusukume.

Chumba chenyewe nakisifu. Kilikuwa 35,000 kwa usiku, choo na bafu ndani. Shuka safi, zinabadilishwa kila baada ya siku tatu bila kukumbusha. Godoro gumu, zuri kwa mgongo. Mlango una komeo la ndani na mlinzi wa usiku halali, nimemkuta macho saa tisa usiku zaidi ya mara moja. Mwanamke anayesafiri peke yake atalala salama pale, na hilo kwangu ni kubwa kuliko runinga. Tena hakuna joto. Mtu wa pwani aliyezoea kugeuza mto usiku kucha akitafuta upande wa baridi, hapa analala moja kwa moja mpaka alfajiri.

Mapokezini kuna karatasi imebandikwa: "Maji ya moto saa 24." Usiku wa kwanza nilisimama bafuni nimejifunga khanga, nikafungua bomba, likakohoa mara mbili, likatoa matone ya rangi ya kutu, likanyamaza. Nikashuka kuuliza. Kaka wa mapokezi akanijibu kwa upole, "Dada, maji yanatoka kesho kutwa. Kuna ndoo yako nyuma ya mlango."

Gesti ina vyumba 14 na simtanki mbili za lita 1,000 juu ya mnara wa chuma. Mtaa ule wakati nipo ulikuwa unapata maji ya bomba siku mbili kwa wiki. Nilipiga hesabu kitandani: lita 2,000, vyumba 14, siku tatu kutoka mgao hadi mgao. Ni lita 47 na ushee kwa chumba kwa siku, yaani ndoo mbili na kidogo, na humo humo uoge, ufue, usukume choo. Zikiisha kabla ya siku ya mgao anaitwa kijana wa mkokoteni, dumu la lita 20 kwa shilingi 500, na mara mbili nililipa mwenyewe. Ile heta ya bafuni haiwaki kama maji hayana msukumo, kwa hiyo kwa usiku 25 nimeoga maji ya bombani ya moto mara sita. Asubuhi nyingine zote dada wa usafi alinipashia sufuria jikoni, nami nikawa nampa elfu moja kila niliposhika noti ndogo. Bila yule dada ningeondoka wiki ya kwanza.

Siku moja alikuja fundi bomba kurekebisha pampu, nikamuuliza kwa nini mji wa serikali unahangaika hivi. Hakunung'unika, alinieleza kama mtu anayeijua kazi yake. Dodoma ni kukame, mvua inaanza kati ya mwishoni mwa Novemba na Desemba na kufikia Aprili imekata. Maji mengi ya jiji yanavutwa kwenye visima virefu vya Mzakwe. Makao makuu yalitangazwa kuhamia hapa mwaka 1973, ila wafanyakazi walianza kumiminika hasa kuanzia 2016. Baadaye nilitafuta takwimu za sensa: 2012 Dodoma mjini ilikuwa na watu 410,956, na 2022 ikafika 765,179. Hapo ndipo nilipoacha kumlaumu kaka wa mapokezi. Karatasi yake ya maji ya moto saa 24 bado naidai ibanduliwe, kwa sababu mgeni analipa akiisoma.

Na maji yenyewe yana chumvi. Nilikuja na birika langu dogo la umeme, jipya. Siku ya nne nilipolifungua, chini palikuwa na ukoko mweupe kama chokaa, nikaukwangua kwa ukucha ukabanduka vipande. Chai inakuwa na utando juu. Sabuni unaisugua hadi mkono unachoka ndipo povu linapotokea. Nywele zangu nilizosuka Tanga zilikakamaa wiki mbili tu nikazifumua. Maji ya kunywa na ya chai nikawa nanunua ya dukani, ile chupa kubwa, na hiyo ni gharama ambayo sikuiweka kwenye bajeti yangu hata kidogo.

Vumbi nalo. Ni jekundu, laini kama unga wa muhogo, na jioni upepo ukianza linapita chini ya mlango hata uwe umefunga. Nilikuwa naacha daftari mezani saa kumi na mbili jioni, saa mbili usiku naandika juu yake kwa kidole. Blauzi zangu tatu nyeupe za kazini zimegeuka rangi ya chai ya rangi kwenye kola na hazijarudi. Dawa niliyoonyeshwa ni kitambaa kilicholowa kwenye upenyo wa mlango, ila kitambaa hicho kinakula maji ya ndoo, kwa hiyo kila jioni ulikuwa uamuzi.

Mwanzoni mwa Juni baridi ikaingia. Huku ni zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na blanketi la gesti ni moja, jembamba. Niliomba la pili, nikaambiwa litaletwa, siku nne zikapita. Nikaenda soko la Sabasaba nikajinunulia la mtumba, zito. Midomo ilipasuka, visigino vikapasuka, na asubuhi mbili niliamka mto una damu ya pua. Nilikaa kitandani nikalia, nasema wazi, nikampigia mama.

Aliyenituliza ni bibi mmoja wa Kigogo anayeuza uji wa uwele na maandazi nje ya geti. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaniitikia, "Marahaba mjukuu wangu," kisha akanitazama mdomo. "Wewe umetoka pwani. Mafuta unapaka saa ngapi?" Nikamwambia nikishavaa. Akatikisa kichwa. "Paka mwili ukiwa bado na maji, kabla ya kujifuta. Ya mgando, siyo hayo ya majimaji. Na puani kidogo ukienda kulala." Nilifanya hivyo, na damu haikurudi tena. Ndiye aliyenifundisha kusema "Mbukwenyi," salamu ya Kigogo, na Jumapili moja akanikaribisha ugali wa uwele kwa mlenda wa majani makavu uliotiwa karanga za kusaga. Mlenda ule unavutika kama bamia, una uchungu wa mbali sana mwishoni, na baada ya wiki mbili za chipsi mayai za karibu na stendi nilimaliza sahani mpaka nikaona haya. Wakati tunanawa, kwa kikombe, akanisimulia kwamba jina la mji linatokana na tembo aliyekuja kunywa maji kijitoni akazama kwenye tope. Kwa Kigogo, idodomya, imezama. Nilifikiria sana habari hiyo usiku ule, mji ulioitwa kwa ajili ya mahali pa kunywa.

Zabibu za mdogo wangu sikuzipata. Mavuno huku ni Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, na mimi nilifika katikati. Nimemwambia asubiri.

Usafiri ni wa kawaida: daladala za kwenda Mtumba zinapita barabara ya Dar es Salaam, asubuhi zimejaa, ukitoka kabla ya saa kumi na mbili na nusu unakaa.

Lililonikera kuliko yote siyo maji. Jumatatu ya wiki ya kusomwa bajeti ya serikali nilirudi kazini nikakuta kaka wa mapokezi ananisubiri. Kuanzia usiku ule chumba ni 50,000, wageni wa Bunge ni wengi. Nilikuwa nimeshalala pale usiku 20, nimelipa kila wiki bila deni. Nikamuuliza, "Kaka yangu, mbona hukuniambia jana?" Akainamisha macho. Tukaafikiana 40,000 baada ya yeye kumpigia mwenye gesti, na mwenye gesti hakutaka kuongea nami. Mfanyabiashara kupandisha bei msimu wa wageni namwelewa. Kumpandishia mgeni aliye ndani, jioni, mlangoni, siyo uungwana. Kama unakuja kati ya Aprili na Juni, bei iandikwe kwenye risiti pamoja na tarehe ya mwisho.

Nyota tatu kati ya tano. Mbili ni za dada wa usafi na mlinzi, moja ni ya shuka.

Sasa nimepanga chumba na sebule Ipagala, hapa hapa Dodoma. Mwenye nyumba alianza kunionyesha vigae na dari ya jipsamu, nikamwomba kwanza tuzunguke nyuma nione simtanki, nikaigonga kwa ngumi kuanzia chini kwenda juu mpaka sauti ilipobadilika. Ilikuwa imejaa zaidi ya nusu, na mgao ulikuwa bado siku mbili. Nikalipa miezi mitatu. Ukienda ile gesti, omba chumba cha upande wa nyuma, vumbi ni pungufu. Nenda na blanketi lako. Dumu lako la lita 10 lijaze kabla ya saa nne usiku, pampu huzimwa saa hiyo.