Saa Janja Yenye Laini Yake: Ya Kuchagua Kwanza na ya Kuacha Mombasa

Anayepita maduka ya Moi Avenue na Digo Road akitafuta saa janja inayopiga simu yenyewe huonyeshwa kwanza kioo na mikanda, ilhali kitakachoamua kama saa hiyo itamfaa ni laini. Kwa hiyo, kabla ya kuongea na muuzaji, iulize kampuni yako ya simu kama inaunganisha modeli hiyo hasa na nambari yako, na kwa malipo gani ya mwezi. Kampuni kutoa eSIM (laini iliyomo ndani ya chombo, isiyo na kadi ya kutia) kwa simu si ithibati kwamba inazihudumia saa pia.

Jibu likiwa ndiyo, nafasi ya kwanza naipa saa ya eSIM inayokubaliana na simu uliyo nayo. Apple Watch haiungani na simu ya Android, na Galaxy Watch4 ya Samsung ya mwaka 2021 pamoja na zilizoifuata hazifanyi kazi na iPhone. Hapo hakuna la kujadili. Apple Watch hutumia bluetuthi simu ikiwa karibu, kisha waifai, na laini huja mwisho kwa sababu ndiyo inayokula chaji zaidi. Kwa miaka mingi Apple ilikadiria kwamba betri ya modeli zake za kawaida hudumu saa 18 za matumizi mchanganyiko, lakini mazungumzo marefu kwa laini huimaliza mapema mno. Anayenunua iliyotumika nje achunguze pia masafa ya mawimbi ya laini yake: bendi ya 20, yaani megahezi 800, hutumika Kenya kwa 4G, nayo Apple Watch Series 4 iliyotengenezewa soko la Marekani haina bendi hiyo, ilhali ya Ulaya inayo.

Ya pili ni saa ya mtoto ya 4G inayotiwa kadi ndogo ya kawaida, na kwa mzazi ambaye mwanawe huenda skuli asubuhi na chuoni (madrasa) alasiri, huenda ikawa ndiyo ya kwanza. Ina nambari yake, inayosajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi, huhitaji bando, na nyingi zina kitufe cha dharura. Ramani yake isiaminiwe kupita kiasi: katika vichochoro vya Mji wa Kale kuta huzuia mawimbi ya GPS, yaani ya setilaiti za kuonyesha mahali, na alama ya mtoto inaweza kuonekana mtaa wa pili.

Saa yenye GPS isiyo na laini ni ya tatu katika orodha hii, ingawa mtu asiyetengana na simu yake hahitaji zaidi ya hiyo. Zile za bei ya chini zenye 2G pekee ziache.

Pwani, maji nayo yana neno lake. Ukiogelea, itake iliyoandikwa 5 ATM, yaani inayostahimili shinikizo la maji la kina cha mita 50. IP67, kiwango cha kuzuia vumbi na kuzama kidogo tu majini, haikukusudiwa kuogelea, na kifuniko cha mpira cha tundu la kadi hulegea. Ukitoka baharini isuuze kwa maji matamu, si ya kisima, kwa kuwa visima vingi vya hapa vina chumvi vilevile.

Dukani, usilipe kabla laini haijawashwa. Zima simu yako kabisa, toka nje, kisha upige na upigiwe kwa saa hiyo. Muuzaji akikuahidi M-Pesa kwenye saa, mwambie akuonyeshe papo hapo.