Meza ya Vitabu Njia ya Stesheni, Tabora: Mvua na Riwaya za Bwana Msa

Mkazi wa Tabora Mjini anayependa riwaya za upelelezi hana budi kuifahamu meza ya vitabu iliyoko njia ya kwenda stesheni ya reli, na wakati mzuri wa kuijua ni Novemba, mvua zinapoanza. Wakati wa kiangazi vitabu hupangwa chini ya mwembe, vya kiada kwa vya dini, na wanunuzi wengi ni abiria wanaosubiri treni ya Kigoma au ya Mwanza. Mvua zikiingia, mama mwenye meza huhamia kwenye baraza la duka la jirani, na hapo ndipo anapoanza kuazimisha riwaya.

Utaratibu wake ni rahisi. Mteja huweka dhamana inayolingana na bei ya kitabu kimoja, jina lake huandikwa kwenye daftari, kisha hulipa ada ndogo kila anapobadilisha kitabu. Atakapoamua kuacha, hurudishiwa dhamana yake yote, mradi kitabu hakijachanika wala kulowa. Kwa mji kama wetu jambo hili lina uzito, kwa kuwa miezi ya mvua ndiyo miezi ambayo fedha za kaya nyingi zimekwisha kuingia kwenye mbegu na mbolea, na malipo ya tumbaku bado yako mbali. Kama isingekuwa kuazima, wengi wetu tungesoma kitabu kimoja na kuishia hapo.

Hali ya hewa nayo inasaidia. Mvua za Tabora ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, tofauti na Unguja ambako kuna masika na vuli. Kabla yake kuna vumbi la Septemba na joto la Oktoba, ambalo chini ya bati halimruhusu mtu kushika kitabu kwa utulivu hata kidogo. Mvua ya kwanza ikinyesha hewa hupoa, vumbi hulala, na shughuli za mjini hupungua kila wingu linapojikusanya. Tena mvua ya hapa ikishapiga bati, redio haisikiki wala mazungumzo hayaendi, na mtu akiwa na kitabu mkononi hana anachokosa.

Katika hazina ya mama huyu, mfululizo ninaoupendekeza kuliko yote ni ule wa mpelelezi Bwana Msa, ulioandikwa na Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918. Riwaya ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 na ikachapishwa mwaka 1960. Kisima cha Giningi ilifuata mwaka 1968, kisha miaka ya sabini ikazaa Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu na Mwana wa Yungi Hulewa, na Kosa la Bwana Msa ikatoka mwaka 1984. Kila moja inajitegemea, lakini nashauri zisomwe kwa mpangilio wa kuchapishwa kwake, kwani raha kubwa ni kumzoea Bwana Msa mwenyewe: kiko chake, ukimya wake, na namna anavyomwacha rafiki yake Najum akimbilie majibu yasiyo sahihi huku yeye akiendelea kupima maneno ya kila mtu.

Katika riwaya ya kwanza maiti inakutwa mahali panapoogopwa, na woga wa mizimu uko tayari kumaliza kesi kabla haijaanza. Bwana Msa hawadhihaki wanaoamini hivyo; anauliza tu, kwa upole na bila kuchoka, nani alikuwa wapi na nani ana sababu ya kuua. Naipenda sana subira hiyo. Mwandishi haendeshi kisa mbiombio, anaacha watu wazungumze, na Kiswahili chao cha Unguja kina utamu ambao msomaji wa bara huuhisi zaidi akisoma taratibu, kwa hiyo mchana wa Januari usio na pa kwenda unamfaa kabisa. Anayetaka mapigano na magari yanayofukuzana hatayapata humu.

Kasoro zipo, na baadhi ni kubwa. Unyevu huvimbisha karatasi, majalada hubanduka, na kwa kuwa embe huiva wakati huohuo wa mvua, kurasa nyingi zina madoa ya njano ya vidole vya waliotangulia. Hayo yanavumilika. Lisilovumilika ni riwaya ya upelelezi isiyo na mwisho: nakala moja niliyoazima ilikatika muuaji akikaribia kutajwa. Nilipoirudisha na kumwamkia, mama aliifunua, akasikitika kweli, akaniambia, “Pole mwanangu, kaa basi nikumalizie mwenyewe.” Nilimwomba asiniambie kitu, alinirudishia ada yangu, na baadaye akanipatia nakala nyingine iliyo kamili. Moyo huo nausifu, lakini ingekuwa vyema zaidi kama kila kitabu kingekaguliwa kurasa zake kabla ya kutolewa, na kama vingefunikwa kwa nailoni nzito badala ya turubai lililotoboka linalotumika sasa.

Anayekwenda kwa mara ya kwanza afike asubuhi, maana wingu la alasiri likitanda vitabu hufungwa haraka na daftari huwekwa ndani. Achukue na mfuko usiopitisha maji wa kubebea kitabu, kwani kikilowa, dhamana hukatwa. Mzimu wa Watu wa Kale haikosekani kwa muda mrefu, ila Kosa la Bwana Msa iko nakala moja tu, na wanaoisubiri huandikwa kwa zamu. Anayetaka kufika nayo mwisho kabla mvua za Aprili hazijakatika, aandikishe jina lake siku ileile anapoweka dhamana.