His Dark Materials: nilichokiona katika sehemu mbili za kwanza

Nimemaliza sehemu mbili za kwanza za His Dark Materials, tamthilia iliyoanza kuonyeshwa na BBC na HBO Novemba 2019, na yule tumbili hajanitoka kichwani. Riwaya yenyewe, Northern Lights ya Philip Pullman ya mwaka 1995, naijua vizuri. Ndiyo inayobeba msimu huu wa kwanza wenye sehemu 8. Kwa hiyo sikuwa na shauku ya kujua kitatokea nini. Nilitaka kuona dimoni wamefanywaje.

Kwa ambaye hajaisoma: katika dunia ya Lyra, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, nafsi ya mtu haijifichi ndani ya mwili. Hutembea ubavuni mwake kwa umbo la mnyama, huongea naye, na mnyama huyo akiumizwa, mtu wake anaumia papo hapo. Huyo ndiye dimoni. Dimoni wa mtoto hubadilika apendavyo, mara nondo, mara kicheche. Mtoto akipevuka, dimoni naye hutulia katika umbo moja hadi kifo. Kitabuni hili halina gharama, kwani Pullman akiandika tu kwamba Lyra ananyata ukumbini na dimoni wake, basi yupo. Kwenye runinga kila mnyama ni kazi ya kompyuta, na kazi hiyo ni pesa.

Pesa hiyo imelipa kwa Mrs Coulter. Ruth Wilson anamwigiza mwanamke anayetabasamu vizuri kiasi kwamba unaanza kumwamini hata kama unamjua, na ubaya wake wote umewekwa kwenye tumbili wa manyoya ya dhahabu ambaye hatamki neno. Dimoni wa Lyra, Pantalaimon, ana sauti na ana maneno mengi. Tumbili yeye anatazama tu. Katika sehemu ya pili anamkamata Pan na kumbana, na Lyra anajikunja kwa maumivu ingawa hakuna mkono uliomgusa. Muda wote huo mtazame Mrs Coulter usoni. Hanyanyui sauti. Nilipokuwa nikisoma tukio hilo kitabuni nilimwogopa tumbili. Hapa nimemwogopa mwanamke, na naona waigizaji na waandishi wamekielewa kitabu hata kunizidi.

Dafne Keen naye, anayemwigiza Lyra, kila anapozungumza na Pan, macho yake yanatua mahali panapostahili. Wakati wa kupiga picha kulikuwa na watu wa vikaragosi waliosimama badala ya wanyama, na faida yake inaonekana: mtoto hazungumzi na hewa. Ninacholalamikia ni Lyra mwenyewe. Wa kitabuni ni mwongo hodari, anaongoza vita vya matope dhidi ya watoto wengine wa Oxford na anatunga hadithi papo kwa papo. Huyu wa Jack Thorne, mwandishi wa tamthilia, ni mpole na mwenye huzuni mapema mno. Uongo wa Lyra si tabia mbaya ya utotoni tu, ni silaha atakayoihitaji sana mbele ya safari, na ningependa kuiona ikinolewa tangu mwanzo.

Mwanzo umeongezwa: Lord Asriel, yaani James McAvoy, anapita katika mafuriko akiwa na kitoto kichanga, Lyra mwenyewe, kifuani na kukiacha Chuo cha Jordan. Tukio hilo limetoka La Belle Sauvage ya mwaka 2017, kitabu kilichoandikwa miaka mingi baadaye, na limekaa vizuri. Lakini kuna jambo jingine walilolivuta mbele ambalo sikulipenda. (Kama hutaki kuharibiwa utamu, ruka aya hii.) Katika sehemu ya pili Lord Boreal, bwana mmoja wa dunia ya Lyra, anavuka na kuingia katika dunia yetu, yenye magari na simu. Msomaji hulijua hilo katika kitabu cha pili, na ni mshtuko mkubwa. Hapa siri imetolewa kabla mtazamaji hajaizoea hata dunia ya kwanza.

Sasa nirudi kwa dimoni, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Tazama wasomi walioketi chakulani Jordan, tazama watu barabarani London: wengi hawana mnyama yeyote anayeonekana. Najua sababu ni gharama. Najua pia kwamba dimoni anaweza kuwa mdogo kama mdudu na akajificha kwenye mfuko wa koti. Ila kitisho kikubwa cha riwaya hii ni mtu asiye na dimoni. Msomaji akifika hapo damu inamganda, kwa sababu kurasa nyingi zimemzoesha kuwa jambo hilo haliwezekani. Mtazamaji aliyekwisha kuona umati wa watu wasio na wanyama atashtushwa na nini? Hata Roger, rafiki wa Lyra, dimoni wake tunamwona kwa nadra, na huyo hasa tulipaswa kumpenda.

Wanajua kufanya vizuri zaidi, na ushahidi wameuweka wao wenyewe katika sehemu ya kwanza. Jamii ya Gyptian, watu wanaoishi kwenye mashua, wanakusanyika kumfanyia sherehe kijana Tony Costa kwa sababu dimoni wake ametulia na kuwa mwewe. Kitabuni sherehe hiyo haipo. Kwa dakika chache tu, bila mtu kutoa mhadhara, unaelewa kwamba kutulia kwa dimoni ni kuvuka kutoka utotoni, na ukoo mzima unashuhudia. Kisha katikati ya furaha hiyo mdogo wake Billy anatoweka.

Kiongozi wao John Faa anaigizwa na Lucian Msamati, aliyezaliwa Uingereza kwa wazazi Watanzania na kukulia Zimbabwe, na sauti yake peke yake inatosha kukufanya umfuate popote. Filamu ya mwaka 2007, The Golden Compass, ilibana kitabu kizima katika dakika 113 na hata hivyo ikaukata mwisho wake. Hapa muda upo. Sehemu ya tatu nitaitazama, na nitakuwa nikihesabu wanyama.