Fundi tinti wa Kigoma: dukani mia kwa mia, garini sitaki kumsikia

"Mama, Kigoma hakuna baridi. Hiyo mistari ni ya Wajapani."

Hilo ndilo jibu nililopewa kwa simu na fundi tinti, yule anayebandika karatasi za kuzuia jua kwenye vioo, nilipomlalamikia mistari ya kioo cha nyuma cha gari langu, na nyuma yake nasikia wenzake wanacheka. Naandika hasira haijanitoka, mtanivumilia. Ila wenye magari, msimpigie mtu yeyote aje na wembe wake kabla hamjasoma hii.

Huduma yenyewe ni hivi, kwa wasioijua. Kijana hana ofisi. Unampigia, anakufuata ulipo kwa bodaboda, jora la karatasi ya tinti limefungwa nyuma ndani ya bomba la plastiki, begani ana begi lenye chupa za kupulizia maji ya sabuni, mipira ya kukamulia, nyembe na draya kubwa ya hewa ya moto. Wewe unatoa umeme, maji na kivuli. Kwa gari anataka kivuli kisicho na upepo, maana vumbi likinaswa kati ya karatasi na kioo ndiyo basi. Vipovu vya maji vinakauka vyenyewe baada ya siku kadhaa, lakini kidoti cha vumbi utaishi nacho. Haya yote alinieleza kwa adabu, bila haraka. Ndiyo maana nimeumia zaidi.

Alikuja kwa ajili ya duka. Nauza vitenge hapa Mwanga, Kigoma mjini, na duka langu linatazama magharibi, kwa hiyo alasiri jua linaingia ndani bila hodi mpaka lizame nyuma ya milima ya Congo. Kitenge ninachotundika mbele kikikaa kidogo tu, ukikikunjua mteja anaona mkunjo ulipokuwa: upande huu nyekundu, upande ule rangi ya maji ya maharage. Nani anunue hicho? Hasara nilizokula kwa jua la jioni naweza kujengea choo.

Mimi nilitaka ile karatasi inayong'aa, ya mabenki. Akanikatalia, na ile ndiyo ya bei kubwa! Akasema mama, mchana mtu akipita nje atajiona yeye badala ya vitenge vyako. Na usiku ukiwasha taa mambo yanageuka, wa nje wanakuona wewe, wewe huwaoni, kwa sababu ile karatasi inafuata mwanga: upande wenye mwanga mwingi ndio unaokuwa kioo cha kujitazamia. Akaniwekea nyingine, karibu haina rangi kabisa, ambayo kazi yake ni kuzuia miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana inayokula rangi, na joto kiasi. Kioo kitupu kinaipitisha mingi tu. Na akanionya kabisa kwamba haitamaliza kupauka, itachelewesha.

Sasa mngeona anavyofanya kazi. Kioo kakisugua kwa sabuni, kakikwangua, kakisugua tena. Kile kinailoni kinachofunika gundi alikibandua kwa vipande viwili vya selotepu, kimoja huku kingine huku kwenye pembe, akavuta, vikaachana. Karatasi ikawekwa kwenye kioo ikiwa inachuruzika maji, akaitelezesha kwa viganja mpaka ikakaa, halafu mpira, kutoka katikati kwenda nje, katikati kwenda nje, maji yakikimbilia pembeni. Ukingoni akaacha nafasi nyembamba kama uzi ili karatasi isije kunyanyuka. Nilisimama kuangalia mpaka nikasahau mteja. Leo hii saa kumi jioni nakaa pale mbele bila kujipepea, na vitenge vinaning'inia na rangi zake. Kwa duka, sina neno. Nyota zote mchukue.

Ndiyo nikamwambia, mwanangu, na Probox yangu uimalizie.

Vioo vya pembeni vizuri. Nilimwambia asiniwekee giza la kusimamishwa na trafiki kila kona, akaniwekea namba 35, yaani inapitisha asilimia 35 ya mwanga. Wanaotaka 5 hao wana yao, usiku wanashusha kioo ndipo waone geti. Akasema nisishushe vioo siku kadhaa mpaka gundi ishike. Kiyoyozi changu kilishakufa, kwa hiyo nilioka humo ndani, lakini nikatii.

Shida ni kioo cha nyuma. Mwenye gari wa kwanza aliweka karatasi ya bei chee, zile ambazo rangi yake ikipigwa na jua inageuka zambarau, na yangu ilikuwa zambarau na imejaa mapovu. Ya hivyo inapashwa moto kwanza, inabanduliwa taratibu, na gundi inayobaki inaloweshwa na kufutwa kwa kitu laini. Kwa nini? Kwa sababu ile mistari ya kahawia iliyolala kwenye kioo cha nyuma si mapambo. Ni njia ya umeme, imepakwa juu ya kioo upande wa ndani, ukibonyeza kitufe inapata moto na kufukuza ukungu. Mstari ukikatwa mahali pamoja tu, umekufa.

Simu yake ilikuwa inaita, kuna mtu anamsubiri Ujiji. Nami nilikuwa ndani napima kitenge. Nikasikia kwaruu, kwaruu, kwaruu. Nilidhani anakwangua uchafu.

Gari likatoka limependeza, nikamlipa nusu, nusu tukakubaliana mwisho wa mwezi. Jua lilikuwa kali bado, nani afikirie ukungu? Mvua zilipoanza nikapakia mzigo kwenda gulio la Manyovu. Ukishapita Mwandiga unaanza kupanda, na huko juu asubuhi ya mvua baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Tumo watu wanne na mabelo ya vitenge, vioo vimefungwa, pumzi zinagonga kioo baridi. Nyuma kukawa cheupe. Nikabonyeza kitufe, taa ikawaka. Nikangoja. Ikafunguka mistari miwili ya juu kabisa, ambayo inanionyesha matawi ya miti. Chini kote ukungu mtupu, na mahali fulani humo kwenye ukungu Fuso inanipigia honi. Ilibidi binti anayenisaidia ageuke nyuma kila mara apanguse. Alipangusa kwa kitenge kipya cha kuuza. Sikumsema, ningemsema nini?

Niliporudi, fundi umeme wa magari akamulika tochi kwa pembeni, akaniita nione. Ukiacha ile miwili ya juu, kila mstari una mkato mdogo, yote mahali pamoja, imepangana wima palepale wembe ulipopita. Ukiwa mbali huoni kitu.

Nikapiga simu. Nilipiga kwa upole, Mungu shahidi, hata salamu nilimaliza zote. Nikapewa hilo la Wajapani.

Kigoma hakuna baridi! Kwake mkoa mzima ni Mwanga na Kibirizi. Manyovu anaijua kwa kusikia? Na hata hapa mjini, mvua ya Desemba ikikukuta na abiria waliolowa, kioo kinaziba vilevile, si lazima upande mlima. Angesema "pole mama, nitakuja niangalie," wallahi ningemaliza hasira hapohapo, maana kazi ya dukani ilikuwa imeshaninunua. Lakini kumfanya mtu mzima kichekesho kwa wenzako wakati umemharibia kitu, hapana. Nilikaa na simu mkononi nimekosa la kusema, mimi ninayebishana na Warundi na Wakongo kwa lugha tatu kila wiki.

Kwa hiyo mpeni kazi au msimpe? Jana ningesema msimpe hata kioo cha kabati. Leo jirani yangu wa stesheneri ameniuliza, vitabu vyake vinapauka majalada, na nimejikuta nampa namba. Kioo cha dukani hakina mistari, hakina zambarau ya kukwangua, hakipandi Manyovu. Garini ndipo nasema hapana, labda kama kioo chako hakijawahi kubandikwa kitu, na usimame hapohapo umwangalie, na simu yake uishike wewe.

Fundi umeme anasema mistari inatibika, kuna rangi maalumu yenye madini ya fedha inayopitisha umeme, unapaka pale palipokatwa, inashika. Nikafurahi. Akaniambia ngoja kwanza mama: mistari sasa iko chini ya karatasi mpya. Ili kuipaka lazima tinti ibanduliwe yote ya nyuma, yenyewe na gundi yake. Na atakayeibandua ni nani? Nikamwambia aache kama ilivyo.

Kijana ameshaanza kunitumia meseji za nusu yake. Ya duka nitamtumia mwisho wa mwezi kama tulivyokubaliana, na vioo vya pembeni nitampa. Cha nyuma nimeshakitoa kwenye hesabu, na akipiga ntamwambia ya cha nyuma akawadai Wajapani.